Upepo Ishirini kwa Nyuma

Mjomba wangu Kitwana anaamini kuwa kila kitu kizuri duniani ni kigumu. Ugali mzuri ni mgumu. Godoro zuri ni gumu. Na gari zuri ni lile ambalo ukiliegemea halitikisiki. Kwa imani hiyo ameendesha gereji hapa Singida mjini miaka ishirini na tisa, na siwezi kusema imemwangusha. Malori ya alizeti yanayopita mikononi mwake hayalali upande. Mabasi madogo anayoyafunga springi hayavunjiki. Kinachovunjika ni viuno vya abiria, na viuno haviletwi gereji.

Shida ilianza alipoletewa gari la mashindano.

Lilikuwa Altezza ya rangi ya fedha, gia za mkono, mali ya Abdulhamidi, kijana ambaye baba yake anauza mafuta ya alizeti sokoni. Pembezoni mwa mji kuna kipande cha barabara mpya ambacho lami imemwagwa lakini hakijafunguliwa, na kila mwaka baada ya mavuno ya vitunguu vijana wenye magari huomba kibali wakashindana pale, wawili wawili, mita mia mbili zilizonyooka. Katika mbio fupi kiasi hicho mtu hushinda au hushindwa mwanzoni. Aliyechelewa kuondoka hana pa kufidia.

Mwaka jana Abdulhamidi alichelewa kuondoka. Bendera ilishuka, Altezza ikapiga kelele, matairi ya nyuma yakazunguka palepale kama jiwe la kusagia, moshi ukapanda, na moshi ulipoondoka Chediel wa Misigiri alikuwa amekwisha kufika. Chediel ni mtu wa makamo, mkulima, mwenye Mark II kuukuu ambayo kazi yake ya kila siku ni kubeba vitunguu. Hata siku ya mashindano alikuja na magunia matatu kwenye buti, kwa sababu mtu wa Misigiri haji mjini na buti tupu. Alikimbia nayo, akashinda nayo, kisha akaenda sokoni kuyashusha. Watu walifikiri sana wakakubaliana kuwa ana dawa.

Mjomba naye akapewa jina. Kwenye kijiwe cha kahawa wanamwita Mzee Moshi. Hacheki, na amebadilisha njia ya kwenda msikitini ili asipite pale.

Kwa hiyo mwaka huu jina lake lilikuwa limefungwa kwenye ekseli ya gari lile. Na bila yeye kujua, la kwangu pia.

Mimi naitwa Ziada. Nina stashahada ya ufundi magari kutoka chuo cha Dodoma, na mpaka wiki ile nilikuwa nimefanya kazi gerejini kwa Mjomba miezi minane. Vifaa nilivyoruhusiwa kushika ni vitatu: kalamu, ufagio, na chupa ya chai. Si kwamba Mjomba ni mbaya. Alinieleza mwenyewe kwa upole siku ya kwanza: "Mwanangu, mteja akiona gari lake limeshikwa na binti, hata likipona atasikia mlio." Nikasema ndiyo Mjomba, nikaenda kumwaga majani ya chai.

Mama yangu, Rukaya, ambaye ni dada yake na anaishi Sepuka, alichoka kusikia habari za ufagio. Alinitafutia kazi Manyoni, kwenye duka la shangazi la kudurufu karatasi. "Nitampigia mjomba wako Jumapili jioni," aliniambia kwenye simu. "Akisema anakuhitaji, baki. Asiposema, Jumatatu asubuhi panda basi."

Neno moja tu. Lakini neno lenyewe lilitakiwa litoke kinywani mwa Mjomba bila kuombwa, kwa maana mtu huwezi kwenda kwa mkubwa wako ukamwambia, tafadhali nihitaji.

Mashindano yalikuwa Jumamosi.

*

Jumatatu ya wiki ile Mjomba alianza matayarisho. Aling'oa siti ya nyuma. Akatoa tairi la akiba, jeki, mazulia, hata kopo la marashi lililokuwa kwenye dashibodi. Buti likabaki tupu kama debe. Halafu akachukua raba nene za springi, zile anazowafungia wenye kubeba mahindi, akazibana katikati ya springi za nyuma. Nyuma ikanyanyuka, pua ikainama.

"Unaona?" aliniambia, akirudi nyuma kulitazama. "Kama mbwa aliyeona sungura. Gari lililoinama mbele limeshaanza kwenda kabla ya dereva."

Kisha akaburuta mpira wa kompresa akajaza matairi yote manne upepo arobaini. Alipoyapiga teke yalilia kama ngoma, na uso wake ukang'aa.

Mimi nilisimama na chupa ya chai. Nilijua kilichokuwa kinakosewa, na nilikijua kwa namna ya kuudhi, yaani kwa hesabu. Gari linaloondoka kwa nguvu linatupa uzito wake nyuma, kama abiria waliosimama dereva anapoondoa gari ghafla. Altezza inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Ule uzito unaotupwa nyuma ndio unaoyakandamiza yashike lami. Ukiinamisha pua na kuifanya nyuma kuwa ngumu, uzito unabaki mbele ambako hauna kazi. Ukilifanya tairi kuwa gumu kama jiwe, linagusa lami kwa kipande kidogo kama kiganja cha mtoto. Tairi lililolegea kidogo linakaa, linatanuka, linashika. Upepo ishirini nyuma ungetosha. Mbele ungebaki hivyohivyo, maana mbele kazi yake ni kuviringika tu na njia.

"Mjomba," nilisema.

"Eeh."

"Chuoni tulifundishwa kwamba... kwa gari la kuondoka haraka... tairi la nyuma linaweza kulegezwa."

Aliacha kazi akanitazama kwa huruma ya kweli, kama mtu anayeambiwa na mgonjwa kuwa ameona ng'ombe darini.

"Ziada. Ukitaka kukimbia wewe, unavaa viatu au unavaa mito?"

"Viatu, Mjomba."

"Basi. Niongezee chai."

*

Alhamisi alasiri walilijaribu gari kule kwenye barabara mpya. Nilikwenda nao kwa sababu mtu alihitajika kushika mikoba. Abdulhamidi alikanyaga mafuta, akaachia klachi, na matairi yakazunguka mahali pamoja. Gari lilikwenda upande kama kaa, likatikisa matako, likajifunika wingu jeupe, ndipo likaamua kuondoka. Vijana waliokuja kutazama walipiga miluzi. Mmoja alikuwa anarekodi.

"Umeona nguvu ile?" Mjomba alisema. "Lami inaungua!"

"Mzee Kitwana, hili ni kombora," Abdulhamidi alisema akitoka garini, anakohoa. "Mwaka jana moshi haukuwa mwingi hivi."

"Mwaka jana tuliweka upepo thelathini na tano."

Nilikuwa nimepima muda kwa simu. Nikilinganisha na video ya mwaka jana, walikuwa wamechelewa nusu sekunde zaidi. Sikuwaambia. Walikuwa na furaha, na sijawahi kujua namna ya kumwambia mtu mwenye furaha jambo la nusu sekunde.

Lakini usiku ule sikulala vizuri. Nilimwona Mjomba akizunguka nyuma ya soko tena mwaka mzima kukwepa kahawa. Na nilijiona mimi nikiwa Manyoni, nadurufu vyeti vya watu wengine.

Ijumaa alipokwenda msikitini gereji ikabaki yangu kwa saa nzima. Nilichukua geji ya upepo, nikapiga magoti nyuma ya Altezza, nikafungua vipira viwili vidogo vya kuzibia upepo. Upepo ukatoka kwa mlio mrefu kama mtu anayepumua baada ya kukaa na wageni. Thelathini na tano. Thelathini. Ishirini na tano. Ishirini. Nikafunga. Raba za springi sikuzigusa, kwa sababu kuzitoa kungeonekana. Nilitia geji mfukoni nikaanza kufagia. Mjomba aliporudi nilikuwa nimefagia mpaka barabarani.

Hakuona kitu. Nikalala nikidhani nimeshinda.

Nilikuwa nimesahau jambo moja, kwamba naishi katika mji wa watu wema.

*

Jumamosi asubuhi tulitoka gerejini, Abdulhamidi akiendesha, Mjomba pembeni yake akiwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi, mimi nyuma nimekaa juu ya sanduku la spana kwa sababu siti haikuwepo. Hatujafika hata kwenye kona, mama Agripina, jirani anayeuza chai na vitumbua, mtu anayenipenda kama mwanawe, akainuka kwenye kigoda chake akapunga mwiko.

"Mzee Kitwana! Tairi! La nyuma halina upepo!"

"Nini?" Mjomba alisema.

"Hamna kitu," nilisema haraka. "Anatuaga."

Mita hamsini mbele, bodaboda akatukaribia mpaka dirishani. "Mzee, nyuma umelala. Kote kuwili."

"Kote kuwili?" alisema Mjomba.

Mwanamke mwenye tenga la kuku akatuonyesha kidole. Mtoto wa shule akakimbia sambamba nasi akipiga kelele "Pancha! Pancha!" kwa furaha isiyo na kinyongo. Mpanda baiskeli aliyebeba magunia ya mkaa, mtu ambaye alikuwa na taabu zake za kutosha, akasimama, akaegemeza baiskeli kwa tabu, ili tu atuinamie na kusema, "Jamani, msije mkaharibu rimu." Hapa kwetu mtu anaweza kukuacha ufunge biashara, ukosane na ndugu, uoe vibaya, asikwambie neno. Lakini hatakuacha uende na tairi lililolegea.

Kituo cha kwanza cha mafuta Mjomba akaamuru tusimame. Alishuka akabonyeza tairi kwa kidole gumba.

"Kuna mtu," alisema mwisho. "Kuna mtu alikuja akatutolea upepo. Husuda hiyo."

"Watu wabaya sana," Abdulhamidi alisema.

Niliangalia vidole vyangu. Geji ilikuwa mfukoni inanichoma kama kaa la moto.

Kijana wa upepo alitujazia mpaka arobaini, akasikiliza habari za husuda, akasikitika, kisha akasogeza tena mpira. "Nimewaongezea na mbili za safari," alisema. Hakutaka malipo.

*

Kule kwenye barabara mpya watu walikuwa wamejaa pande zote mbili, wengine juu ya vifusi vya kokoto. Magari yalikuwa manne tu yaliyofika. Mshika bendera alikuwa mwalimu Simeoni, anayefundisha michezo, mwenye sauti ya kuita watoto walio mbali.

Chediel alikuwepo na Mark II yake, imekaa chini nyuma kwa ajili ya vitunguu, matairi yamelegea kwa uzee. Nilimsalimia shikamoo, akaitika, akaniuliza habari za Sepuka. Ni mtu mpole. Mzunguko wa kwanza alimwacha mpinzani wake kama aliyeachwa na basi.

Zamu yetu ilikuwa dhidi ya Innocent wa Itigi. Bendera ilishuka, Altezza ikazunguka magurudumu palepale, ikapiga kelele, ikajifunika moshi. Ingekuwa mwisho wetu, ila gari la Innocent lilizimika. Alipoliwasha tulikuwa tumekwisha kujikokota mpaka mwisho.

"Umeona?" Mjomba aliwaambia watu waliomzunguka. "Ugumu!"

Ikabaki fainali: sisi na Chediel.

Hapo ndipo Chediel alipokuja kwetu, kofia mkononi, uso una aibu kidogo.

"Mzee Kitwana, shikamoo."

"Marahaba."

"Mzee, mimi mwaka jana nilishinda kwa kubahatisha. Watu wanasema dawa, mimi sina dawa. Nimekutazama tangu asubuhi unavyofanya kazi kitaalamu. Gari jepesi, upepo wa kutosha. Na mimi leo nataka nikimbie kitaalamu. Nimeazima pampu, nimejaza arobaini kama zako." Alikohoa. "Sasa nimeshusha vitunguu, magunia mawili. Nikiviacha juani au karibu na mbuzi wale, sitavikuta. Ninyi ni watu waungwana. Mnaweza kunihifadhia?"

Mjomba alimtazama, akatazama buti letu tupu lililosafishwa kwa wiki nzima. Niliona uso wake ukipambana. Mtu akikuomba umtunzie mzigo, hata kama ni mpinzani wako, humwambii hapana. Nyumbani kwetu hilo halifanyiki, na Mjomba alikuwa amevaa kanzu.

"Weka kwenye buti," alisema kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. "Funga kwa ufunguo."

Chediel alishukuru mara tatu, akaenda kuyaleta. Yalikuwa magunia ya nyavu yaliyoshiba, na yeye na Abdulhamidi waliyaingiza kwa kuhema. Springi za nyuma zikalia. Zile raba nene zikajikunja. Nyuma ikashuka, pua ikainuka, na Altezza ikakaa kama gari lilivyozaliwa.

"Tumekwisha," Mjomba alininong'oneza. "Kilo zote hizo! Ziada, lete pampu. Lazima tuongeze upepo ubebe mzigo. Weka hamsini."

Kuzunguka gari kulikuwa na watu kama ishirini. Wazee wawili wa kijiwe cha kahawa walikuwemo, mbele kabisa, wamekuja kumwona Mzee Moshi. Mjomba alikuwa amenyoosha mkono akingoja pampu. Nilijua kwamba kama nikimpa, amekwisha. Kama nikimwambia amekosea, mbele ya wazee wale, amekwisha pia, na zaidi. Mkubwa hakosolewi mbele ya watu. Na faraghani nilikwisha kujaribu, nikapewa mfano wa mito.

Nikasikia sauti yangu, kubwa kuliko ninavyoizoea.

"Mjomba, ila jana ulisema tukifika fainali tulegeze za nyuma mpaka ishirini. Nilegeze sasa hivi, au tungoje bendera?"

Abdulhamidi aligeuka. "Mzee, ulisema hivyo?"

"Kulegeza?" alisema mmoja wa wazee wa kahawa. "Hiyo mpya."

Mjomba alinitazama. Alinitazama muda mrefu, na sijawahi kuona macho yake yakifanya kazi kiasi kile. Yalitoka kwangu yakaenda kwenye tairi, yakaenda kwenye alama nyeusi tulizoacha barabarani, yakarudi kwenye mfuko wa gauni langu ambako geji ilikuwa inachungulia. Nadhani hapo alielewa habari ya husuda. Kama angesema sikusema hivyo, ningekuwa mwongo mbele ya mji mzima, na ningekuwa Manyoni hata kabla ya Jumatatu.

"Nilikuwa nangoja," alisema polepole, "nione kama utakumbuka."

"Nimekumbuka, Mjomba."

"Na za mbele nilisemaje?"

"Ulisema tuziache."

"Tuziache," aliwaambia wazee wa kahawa, kana kwamba wao ndio walioleta ubishi.

Nilipiga magoti nikatoa upepo mpaka ishirini, kushoto na kulia. Mjomba aliinama pembeni yangu. Bila kugeuza kichwa akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Kuna kingine nilichosema?"

"Ulisema asikanyage mafuta yote kwa mara moja. Aachie klachi taratibu. Moshi usitoke."

Akainuka. "Abdulhamidi! Leo sitaki moshi."

"Mzee!" Abdulhamidi alionekana kama aliyenyang'anywa sahani. "Bila moshi watu watajuaje kama nimeondoka?"

"Watajua kwa kuwa hawatakuona hapa."

*

Mwalimu Simeoni aliinua bendera. Chediel alikuwa upande wa kulia, gari lake jepesi, limenyanyuka nyuma, matairi yamekaza mpaka yanang'aa. Aliinama kwenye usukani kama alivyoona kwa wataalamu.

Bendera ikashuka.

Mark II ililia kilio ambacho sijawahi kusikia kikitoka kwenye gari la vitunguu. Magurudumu ya nyuma yalizunguka, moshi ukapanda juu ya vichwa vya watu, na umati wote ukapiga kelele: "Chediel! Chediel!" Wazee wa kahawa waliruka wakapiga makofi. Ilikuwa kuondoka kuzuri kuliko kote kwa siku ile, na hakukuwa na tatizo lolote ila kwamba gari lilikuwa bado lipo palepale.

Altezza haikusema neno. Pua iliinuka kidogo, nyuma ikakaa chini kama mama anayekaa kwenye mkeka, magunia mawili ya Chediel yakayakandamiza magurudumu kwenye lami, nayo yakashika. Ikaenda. Nadhani tulioiona ikienda ni mimi na Mjomba tu. Wengine waliacha kumshangilia Chediel walipogundua kuwa kule mwisho kuna gari limesimama na Abdulhamidi anashuka akiwa amechanganyikiwa, anauliza mtu kama mbio zimeanza.

Mjomba hakuruka. Alikunja mikono nyuma ya kanzu, akangoja watu wamfikie, kisha akawaeleza. Alieleza vizuri mno. Alieleza habari ya uzito unaokimbilia nyuma kama abiria waliosimama, na tairi linalotanuka na kushika kama mto, si kama kiatu. Mfano wa abiria nilikuwa nimeuandika kwenye daftari la risiti Jumatano, pembeni, kwa kalamu ya penseli. Sikujua kama huwa analisoma.

"Kumbe mto ni bora kuliko kiatu," mzee mmoja wa kahawa alisema kwa heshima.

"Inategemea unakwenda wapi," Mjomba alisema.

Mimi nilikwenda nyuma kufungua buti. Chediel alikuja kuchukua vitunguu vyake. Nilitaka kumwambia. Kweli nilitaka, maneno yalikuwa yamefika mpaka kwenye meno. "Kaka Chediel," nilianza, "haya magunia yako..."

"Mmeyatunza vizuri," alisema, akiyabonyeza. "Hata kimoja hakijapondeka. Mwingine angekataa, dada. Anayeshindwa na watu kama ninyi hana cha kulalamika." Akanitolea vitunguu vinne vikubwa akanipa mkononi. "Mwambie Mzee mwakani nitajaza hamsini."

Nilimwambia asijaze hamsini. Nilimwambia mara mbili, abaki na buti lake na tairi zake kama mwaka jana. Alicheka, akasema ninyi watu wa mjini mnaficha siri zenu kwa ustaarabu.

*

Jumapili asubuhi kulikuwa na magari saba yamepanga foleni mbele ya gereji, wenyewe wote wanataka kulegezewa upepo wa nyuma. Kulikuwa na mchungaji mwenye gari dogo. Kulikuwa na bajaji. La mwisho lilikuwa lori la tani kumi lililosheheni vitunguu, linakwenda Dar es Salaam, na dereva wake, Benson, alikuwa tayari ameinama anafungua kipira.

"Mzee Kitwana, wanasema siri ni ishirini!"

Mjomba alibaki amesimama na kikombe mkononi. Aliangalia lori. Kukataa kulikuwa kukana ushindi wake, na kukubali kulikuwa kumuua Benson kabla ya Manyoni.

"Ziada," aliita, akipaza sauti watu wote wasikie, "waambie nilisema nini kuhusu malori."

"Ulisema lori la mzigo lijazwe kama kawaida, lisipunguzwe hata kidogo. Na mchungaji pia. Na bajaji."

"Mmesikia," alisema Mjomba. Kisha akanipa mpira wa kompresa, mbele yao wote, akarudi kwenye chai yake. Mchungaji alinitazama, akamtazama yeye. Nilijaza magari sita na lori moja, na hakuna aliyesikia mlio.

Jioni simu ya Mjomba ikalia. Alikuwa amekaa kizingitini, anavua viatu. Mimi nilikuwa nje nasafisha mikono kwa mafuta ya taa, grisi ikiwa mpaka kwenye viwiko, na niliacha kusugua.

"Dada Rukaya. Hatujambo... Ndiyo, tumeshinda. Aah, kazi ya kawaida tu." Akasikiliza. Akasikiliza tena, muda mrefu. "Manyoni? Hapana. Hapana, dada, haiwezekani. Nikwambie ukweli huyu mtoto bado kabisa. Kuna mambo mengi mno nimeshayasema ambayo hajanikumbusha."

Akavua kiatu cha pili, akakitazama.

"Springi peke yake," alisema, "itachukua mwaka."

Akaninyooshea simu bila kunitazama. Nikaishika kwa vidole viwili ili nisiipake grisi.

"Umemsikia mjomba wako?" Mama alisema, sauti yake imejaa masikitiko. "Anasema unasahau sana. Miaka yote ile ya chuo! Basi, kaa hapo hapo ujifunze, na usimbishie."

"Ndiyo, mama," nilisema.